Je, Wajua? Bei ya Gemu Ilishuka Miaka Mingi, Sasa Inapanda

Kijana anayetaka kufungua kibanda cha gemu Kasulu au Kibondo huambiwa na wenzake: subiri kidogo, mashine zitashuka bei. Kwa miaka mingi huo ulikuwa ushauri mzuri. Soma mambo haya moja baada ya jingine uone kwa nini leo haufai tena, na ni kitu gani hasa kinachoifanya gemu iwe rahisi huku kwetu.

MASHINE

Je, wajua kwamba PlayStation 2 ilipoingia sokoni Marekani Oktoba 2000 iliuzwa dola 299? Mei 2002 ilishuka hadi 199, mwaka 2004 ikawa 149, na Aprili 2009 ikafika 99. Mashine ileile ikauzwa theluthi ya bei ya mwanzo. Haishangazi kwamba ziliuzwa zaidi ya milioni 155 duniani.

Je, wajua kwamba PlayStation 5 imekwenda kinyume? Novemba 2020 ile yenye kisoma diski ilianza kwa dola 499. Agosti 2022 kampuni yake, Sony, ilipandisha bei Ulaya, Uingereza na Japani. Agosti 2025 ikawa zamu ya Marekani, na bei ikafika dola 549. Katika umri ambao PS2 ilikuwa imeshashuka kwa nusu, PS5 ilikuwa imeongezeka dola 50.

Je, wajua kwamba Sony hawako peke yao? Microsoft walipandisha bei ya Xbox nchini Marekani mara mbili ndani ya mwaka 2025, Mei na Oktoba. Nintendo nao, Agosti mwaka huohuo, walipandisha bei ya Switch ya kwanza, mashine iliyokuwa sokoni tangu 2017.

Je, wajua sababu? Zamani kila baada ya miaka michache viwanda viliweza kupunguza ukubwa wa chipu. Chipu nyingi zaidi zilitoka kwenye kipande kimoja cha silikoni, na kila moja ikawa nafuu. Siku hizi kupunguza huko kunahitaji mitambo ya gharama kubwa mno, kwa hiyo nafuu haionekani. Ongeza ushuru mpya ambao Marekani iliuweka 2025 kwa bidhaa za nje. Ongeza pia vituo vya data vya akili unde vinavyogombea chipu za kumbukumbu, ambazo bei yake ilipaa mwishoni mwa 2025. Chipu za aina hiyo zimo hata kwenye simu ya bei nafuu unayochezea gemu.

SHILINGI

Je, wajua kwamba mwaka 2000 dola moja ilikuwa kama shilingi 800? PS2 ya dola 299 ilikuwa takriban shilingi 239,000. Mwaka 2009 dola ilikuwa imepanda hadi kama 1,300, lakini PS2 ya dola 99 ilikuwa takriban shilingi 129,000. Shilingi ilidhoofika na bado bei ikashuka, kwa sababu mashine ilishuka kwa kasi kuliko shilingi.

Je, wajua kwamba leo nafuu hiyo haipo? Ukihesabu dola moja kwa shilingi 2,500, PS5 kwa bei ile ya dola 549 ya mwaka 2025 ni karibu shilingi 1,370,000, kabla ya nauli, ushuru wa forodha na faida ya muuzaji. VAT ya asilimia 18 juu ya kiasi hicho ni karibu 247,000. Kodi peke yake imezidi bei nzima ya PS2 ya mwaka 2000!

Je, wajua kwamba kima cha chini cha mshahara serikalini kilipanda Julai 2025 kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000? Hata kwa kiwango hicho kipya, PS5 moja ya dola 549 inakula karibu mishahara mitatu bila mtu kununua hata sukari.

Je, wajua kwamba Mmarekani anaiona hesabu hii tofauti? Ukizingatia mfumuko wa bei wa kwao, dola 299 za mwaka 2000 ni kama dola 560 za mwaka 2025. Kwake yeye PS5 ya dola 549 haikuwa ghali kuliko PS2 ilivyokuwa mpya. Kilichopotea ni ile desturi ya bei kushuka kadiri mashine inavyozeeka, na desturi hiyo ndiyo iliyozifikisha mashine hizi mikononi mwa watu wa Kasulu.

GEMU ZENYEWE

Je, wajua kwamba gemu kubwa mpya ya PS2 ilikuwa dola 50? Kuanzia 2005 na 2006 ikawa 60. Mwaka 2020 ikawa 70. Juni 2025 Nintendo walitoa Mario Kart World kwa dola 80.

Je, wajua kwamba kelele za wanunuzi husikika? Mwaka 2025 Microsoft walitangaza kwamba baadhi ya gemu zao zingeuzwa dola 80. Julai mwaka huohuo wakarudi kwenye dola 70.

Je, wajua kwamba gemu za miaka ya 1990 hazikuwa rahisi? Baadhi ya katriji za Super Nintendo zilizidi dola 70, kwa sababu ndani yake mlikuwa na chipu. PlayStation ya kwanza ilipoleta gemu kwenye CD, gharama ya kutengeneza nakala moja ikaporomoka. Diski ndiyo iliyoshusha bei.

Je, wajua kwamba bei iliwahi kushuka hadi soko likafa? Mwaka 1983 maduka ya Marekani yalifurika gemu mbovu, zikauzwa kwa bei ya kutupa. Mauzo yalianguka kutoka dola bilioni 3 na ushei hadi kama milioni 100 mwaka 1985. Kampuni ya Atari ilizika shehena ya katriji katika jalala la Alamogordo, jimbo la New Mexico, na mwaka 2014 baadhi zikafukuliwa.

SAFARI YA KUFIKA KWETU

Je, wajua kwamba barabara nayo ni sehemu ya bei ya gemu? Runinga iliyopokewa bandarini Dar es Salaam inavuka nchi nzima kabla haijafika Kibondo. Ndiyo maana barabara ya Kabingo–Kasulu–Manyovu, kilomita 260 hivi zinazopitia Kibondo, ina maana kubwa kuliko tangazo lolote la punguzo. Ujenzi wake wa lami umefadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika. Kila kilomita ya lami inapunguza nauli ya mzigo na idadi ya vioo vinavyofika vimepasuka.

Je, wajua kwamba kwa miaka mingi Kasulu na Kibondo ziliangazwa na majenereta ya dizeli, kabla ya gridi ya Taifa kufika mwaka 2022? Vijijini, gharama ya kuunganishiwa umeme chini ya mradi wa REA imekuwa shilingi 27,000. Bila hatua hizo mbili, kibanda cha gemu kijijini kingebaki hadithi.

Je, wajua kwamba mashine mpya inamaliza LUKU haraka zaidi? PS5 ikiwa kazini inakula kama wati 200, yaani uniti moja kwa saa tano. PS2 ile nyembamba inakula chini ya wati 50, kwa hiyo uniti moja inakwenda zaidi ya saa 20. Mwenye kibanda anayebaki na mashine kuukuu ameipiga hesabu hiyo vizuri.

KIBANDANI

Je, wajua jinsi mashine ya mamilioni inavyogeuka kuwa burudani ya jero? Ingia kibanda chochote cha gemu. Kuna benchi la mbao, runinga juu ya meza, waya wa padi umefungwa solotepu pale unapokatikakatika, na karatasi ukutani yenye bei ya mechi. Wawili wanacheza na kumi wanatazama, na sheria ni moja: aliyefungwa apishe. Chukua mfano wa mashine ya mtumba ya shilingi 400,000. Mechi ikiwa shilingi 500, mechi 800 zinarudisha fedha yote ya mashine. Zikichezwa 20 kwa siku, ni siku 40, ukiacha pango na umeme. Mchezaji hakununua mashine wala gemu. Amenunua dakika zake tu.

Je, wajua kwamba Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi zenye duka rasmi la mtandaoni la PlayStation? Oman imo. Ndugu yako aliyeko Muscat anafungua akaunti ya nchi anayoishi na kununua gemu kihalali. Wewe uliyeko Kasulu unalazimika kutumia akaunti ya nchi nyingine. Mei 2024 jambo hili liligusa hata wachezaji wa kompyuta: gemu ya Helldivers 2 iliondolewa sokoni katika nchi na maeneo zaidi ya 170 zisizo na huduma hiyo ya Sony.

ZA BURE

Je, wajua kwamba gemu ya kwanza kwa Watanzania wengi haikulipiwa hata senti? Ni ile ya nyoka kwenye simu za Nokia, iliyoanza mwaka 1997. Ukinunua simu, umepata na gemu.

Je, wajua kwamba mtindo huo umerudi kwa sura nyingine? Free Fire ilitoka 2017, PUBG Mobile 2018, na mwaka 2021 Konami waligeuza gemu yao maarufu ya PES kuwa eFootball ya bure. Dream League Soccer nayo ni bure, na vijana huibadilisha jezi hadi Simba na Yanga zikutane kwenye kiganja.

Je, wajua kwamba bure hiyo inalipiwa kwa bando? Aprili 2021 bei mpya za vifurushi zilizua malalamiko makubwa nchini hadi zikasitishwa siku hiyohiyo. Kwa mchezaji wa simu, siku ile ndiyo bei ya gemu ilipanda na kushuka, ingawa hakuna gemu iliyotajwa.

Je, wajua kwamba baadhi ya gemu za bure huwavuna watoto? Desemba 2022 mamlaka ya biashara ya Marekani ilitangaza kwamba kampuni ya Epic Games, yenye Fortnite, italipa dola milioni 520. Kati ya hizo, milioni 245 zilikuwa za kuwarudishia wateja waliosukumwa kununua vitu wasivyokusudia. Ubelgiji nayo mwaka 2018 iliyaita maboksi ya bahati nasibu ndani ya gemu kamari. Mzazi, usiache namba ya siri ya fedha zako za simu mikononi mwa mtoto anayecheza.

DISKI

Je, wajua kwamba PES ya mwisho ya PS2, PES 2014, ilitoka Novemba 2013, miaka 13 baada ya mashine kuzaliwa? Diski ndiyo iliyoipa PS2 umri huo. Unaicheza, unaiuza, rafiki anaiazima, anakurudishia, mwingine anaibadilisha na ya kwake.

Je, wajua kwamba Grand Theft Auto: San Andreas ya mwaka 2004 ilienea kwenye DVD moja? Gemu kubwa za leo zinapita GB 100. Hata GB moja ikiwa buku mbili tu, kupakua GB 100 ni shilingi 200,000, bila kugusa bei ya gemu.

Je, wajua kwamba diski inaondolewa taratibu? PS5 Pro ilitoka Novemba 2024 kwa dola 699 bila kisoma diski. Baadhi ya kadi za gemu za Switch 2 hazina gemu ndani, zina ufunguo tu, na gemu yenyewe lazima uipakue. Gemu iliyofungwa kwenye akaunti haiuziki kwa mtumba wala haiazimwi jirani. Hili linanitia hofu kuliko dola 50 za nyongeza. Bei inayopanda Tokyo tunaweza kuikwepa kwa kununua mitumba, lakini mtumba ukifa hatuna pa kukimbilia.

WATUNZI WETU

Je, wajua kwamba kijana aliyekulia kambini ametunga gemu? Lual Mayen wa Sudan Kusini alilelewa katika kambi ya wakimbizi Uganda. Mama yake aliweka akiba kwa miaka mitatu ili amnunulie kompyuta ya dola 300. Kwa kompyuta hiyo alitengeneza Salaam, gemu inayomweka mchezaji katika nafasi ya mtu anayekimbia vita. Kambi ya Nyarugusu huko Kasulu ilianza kupokea Wakongo mwaka 1996, na ya Nduta huko Kibondo ilipokea Warundi waliofika kuanzia 2015. Vipaji vya namna hiyo havina uhaba huku.

Je, wajua kwamba Tanzania ilishajaribu gemu za bure za Kiswahili? Katika shindano la Global Learning XPRIZE, watoto karibu 3,000 wa vijiji takriban 170 mkoani Tanga walipewa vishikwambi vyenye programu za kimchezo za kujifunzia kusoma, kuandika na kuhesabu wenyewe. Washindi walitangazwa Mei 2019, na programu zao ziliachwa wazi kwa yeyote kuzitumia.

BASI, ITAPANDA AU ITASHUKA?

Gemu mpya na mashine mpya zitaendelea kupanda, na usiahirishe mipango yako kwa kungoja punguzo. Mchezo wenyewe unaweza kubaki wa jero, mradi mashine igawanywe kati ya wengi na diski iendelee kupita mkono kwa mkono. Unaponunua mashine, uliza kwanza kama ina mahali pa kutia diski. Kama haina, hata ikiwa na bei ndogo, utakuwa umenunua mlango ambao funguo zake zote anazo muuzaji.