Bunduki Ndogo ya Shambani: Ya Zamani au Mpya?

Mara nyingi mkulima huachiwa bunduki ndogo na baba yake, au hutakiwa na jirani ainunue kwa bei nafuu, naye huingiwa na shaka: je, aitunze hiyo ya zamani, ama auze mbuzi wake anunue mpya dukani? Wako wasemao, "Ya kale ni dhahabu". Na wengine hukumbusha ya kwamba kipya kinyemi, ingawa kidonda. Lakini methali haitamlinda mtu jicho bunduki ikimpasukia usoni. Yapasa kuichunguza bunduki yenyewe, wala si kuhesabu miaka yake.

1. Namna ya bunduki hii

Bunduki tunayoitaja ni ile ya .22, ambayo fataki ya risasi yake imo ndani ya ukingo wa ganda, si katikati. Pini huuponda ukingo, fataki huwaka, na baruti hushika moto. Ili ukingo upate kupondeka, sharti ganda liwe jembamba. Kwa hiyo halina nguvu nyingi, nalo hutegemea komeo, yaani kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, kulizuia lisipasuke. Komeo likilegea, moto na vipande vya ganda hurudi nyuma kwenye uso wa mpigaji.

Bunduki hii yafaa kwa ndege waharibifu na wanyama wadogo. Haifai kwa nguruwe mwitu wala nyani, kwani huwajeruhi tu. Na kabla ya kumpiga mnyama wa porini, hata mdogo, uliza kwanza sheria ya wanyamapori.

2. Leseni

Leseni ni ya mtu, wala hairithiwi pamoja na bunduki. Aliyefiwa na mwenye bunduki yampasa kupeleka habari polisi, na anunuaye kwa jirani sharti apate kibali kabla ya kuipokea. Bunduki isiyo na hati usiiguse, hata ukipewa bure.

3. Risasi zimebadilika

Risasi fupi ya .22 ilitolewa Marekani mwaka 1857, na ile ndefu itumiwayo zaidi leo ilitolewa mwaka 1887. Zile za kwanza zilitiwa baruti nyeusi. Baada ya mwaka 1930 zilienea risasi za mwendo mkali, ambazo hutoka mtutuni kwa mwendo wa meta 380 hivi kwa sekunde, hali zile za kawaida hutoka kwa meta 330 hivi. Basi bunduki iliyoundwa kabla ya hapo haikukusudiwa kupigwa risasi kali. Soma maandishi yaliyochongwa juu ya mtutu: kama yataja risasi fupi peke yake, usitie ndefu.

Kadhalika, fataki za zamani ziliacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi huleta kutu. Ndiyo sababu mitutu mingi ya kale imeliwa ndani, ijapokuwa nje yang'aa.

4. Kuichunguza ya zamani

Kwanza hakikisha haina risasi. Kisha hakikisha mara ya pili.

(a) Toa komeo, pitisha kitambaa safi ndani ya mtutu, utazame kuelekea mwangani. Mistari ya mzunguko iwe wazi, pasiwe na mashimo ya kutu wala uvimbe.
(b) Funga komeo ulitikise. Likicheza sana, usinunue.
(c) Tazama ukingo wa tundu la kuingizia risasi. Pini ya bunduki iliyofyatuliwa tupu mara nyingi huweza kuugonga na kuutia kovu, na ganda likakwama.
(d) Tia ganda tupu, kaza mtambo, na ugonge kitako chini polepole. Mtambo ukifyatuka wenyewe, bunduki hiyo ni hatari.
(e) Mpe fundi mwenye leseni aijaribu. Maganda yakitoka yamevimba au yamepasuka ukingoni, shauri limekwisha.

5. Mpya nayo

Bunduki mpya huundwa kwa risasi za siku hizi, na vipuri vyake hupatikana kwa urahisi. Hata hivyo zile za bei ndogo mara nyingi zina kitako cha plastiki na mtambo mzito, na nyingine hazilengi sawasawa kuliko ya zamani iliyotunzwa. Ya zamani yaweza kuwa na chuma kizuri na mti imara. Lakini kampuni ikiwa imeacha kuiunda, pini moja ikivunjika yaweza kulala kabatini mwaka mzima.

6. Shauri letu

Ikiwa ya zamani imeshinda majaribio yote matano, na fundi yuko karibu, itunze, uitilie risasi za mwendo wa kawaida, na fedha yako inunue mbegu. Ikishindwa hata jaribio moja, na fundi hawezi kuitengeneza, usiipige tena. Ipeleke polisi iondolewe kwa sheria. Asiye na fundi wala vipuri na anunue mpya.

Iwe kuukuu au mpya, risasi yake huweza kufika maili moja na zaidi, nayo hurushwa na jiwe au maji ikaenda kando. Usipige pasipo kilima au udongo nyuma ya shabaha. Fungia bunduki mahali pamoja na risasi mahali pengine, watoto wasizifikie.