Chuo cha Milimani: Pima Ada, Nauli na Baridi Kabla Kijana Hajafunga Mizigo

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa kidato cha sita yanapotangazwa, nyumba nyingi za wafanyakazi mijini huingia katika kipindi kizito cha mashauriano. Kijana amefaulu, majirani wamekuja kutoa pongezi, na soda zimekwisha kunywewa. Lakini wageni wakishaondoka, baba na mama hubaki wakitazamana. Swali lililo mbele yao ni moja: mtoto aende chuo gani, na kwa fedha ipi?

Zamani swali hili lilikuwa fupi. Chuo kikuu cha kwanza nchini kilipofunguliwa Oktoba 1961, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam, hapakuwa na kingine cha kukilinganisha nacho. Leo vyuo vimeenea katika kanda zote, na tangu 2017 mwombaji wa shahada hupeleka maombi yake moja kwa moja chuoni badala ya kupitia mfumo mmoja wa Tume ya Vyuo Vikuu. Hivyo mzigo wa kuchagua umeletwa mezani kwa familia yenyewe.

Makala haya yanakuhusu wewe, ndugu msomaji, uliyeko Dar es Salaam, Tanga, Mwanza au Mtwara, ambaye kijana wako amekuja na jina la Mbeya au Iringa. Pengine kaona picha ya mlima nyuma ya mabweni, pengine rafiki yake kamtangulia huko. Usimkatalie upesi, wala usimkubalie upesi. Kaa naye chini mpige hesabu.

ADA HAIULIZI MKOA

Wazazi wengi hudhani kwamba mtoto anayevuka mkoa kwenda kusoma atatozwa ada kubwa kuliko mwenyeji. Hofu hiyo ingekuwa na msingi kama tungekuwa Marekani. Huko vyuo vikuu vya umma ni mali ya majimbo, na kijana atokaye jimbo jingine hutozwa ada kubwa zaidi, aghalabu mara mbili au hata tatu ya ile ya mwenyeji. Kwa sababu hiyo vijana wa huko wanaotamani chuo kilicho karibu na milima ya theluji, ili mwisho wa juma wakateleze kwa mbao zilizofungwa miguuni, hutafuta kila njia ya kuipunguza. Majimbo ya magharibi yameweka hata mpango wa kupokeana wanafunzi kwa ada isiyozidi mara moja na nusu ya ile ya mwenyeji.

Hapa kwetu hakuna ada ya Mnyakyusa na ada ya Mzaramo. Chuo cha umma humtoza kila Mtanzania ada ile ile kwa kozi ile ile, awe amezaliwa Rungwe au Pangani. Tofauti ya gharama kati ya kusoma karibu na kusoma mbali haimo katika ada. Imo katika nauli, katika chumba, katika sufuria na katika blanketi. Hizo ndizo hesabu zinazosahauliwa, na hizo ndizo zinazowarudisha vijana nyumbani kabla ya wakati.

VYUO VIPO, NA KILA KIMOJA KINA KAZI YAKE

Anza na kozi, kisha chuo, kisha mji. Anayeanza na mji hujenga nyumba kwa kuezeka paa kwanza.

Kwa uhandisi na sayansi kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya. Kilianza 1986 kama Chuo cha Ufundi Mbeya, kikiwa kimejengwa kwa msaada wa Urusi ya Kisovyeti. Kikawa taasisi mwaka 2005, na chuo kikuu mwaka 2012. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina ndaki ya sayansi za afya na tiba mjini humo, na Chuo Kikuu Mzumbe nacho kina ndaki yake hapo. Iringa, anayetaka kuwa mwalimu wa sekondari atakikuta Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, kilichopata hadhi hiyo mwaka 2005 katika majengo yaliyokwisha kulea walimu na wanafunzi wengi kabla ya hapo.

Viko pia vyuo vikuu vya mashirika ya dini: Chuo Kikuu cha Iringa cha Walutheri, Chuo Kikuu cha Kikatoliki Ruaha mjini humo humo, na Teofilo Kisanji cha Wamoraviani mjini Mbeya. Vyuo hivi hupokea vijana wa imani zote. Mzazi aulize mambo mawili: ada iliyotajwa ni ya muhula au ya mwaka, na je, ndani yake zimo gharama za mitihani, usajili, kitambulisho na bima ya afya? Ada inayoonekana ndogo katika tangazo huweza kuvimba ikifika katika fomu ya kujiunga.

Tena si lazima kila kijana aanze na shahada. Chuo cha kilimo Uyole, nje kidogo ya Mbeya mjini, chuo cha ualimu Kleruu mjini Iringa, na vyuo vya VETA vya mikoa yote miwili vimewapa wengi kazi ya mikono na ya kichwa. Fundi umeme aliyemaliza masomo yake ana heshima kuliko mhandisi aliyeishia mwaka wa pili kwa kukosa ada.

Kabla ya kulipa hata shilingi moja ya maombi, hakikisha kwamba chuo na kozi vinatambuliwa. Vyuo vikuu vimo katika orodha ya Tume ya Vyuo Vikuu, na vya kati na vya ufundi stadi viko chini ya NACTVET. Cheti cha kozi isiyotambuliwa ni karatasi tu.

MKOPO SI ZAWADI

Tangu 2016 watoto wetu wamesoma sekondari hadi kidato cha nne bila ada, na tangu 2022 msamaha huo ukafika kidato cha tano na cha sita. Mzazi aliyezoea hivyo hushtuka akifika mlango wa chuo, kwa maana hapo ada inarudi.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi 2005, huangalia uwezo wa familia. Huweza kutoa mkopo kamili, sehemu yake, au isitoe kabisa. Kwa hiyo usipange safari ya Mbeya kwa fedha ambayo bado ni ombi. Tayarisha nyaraka mapema: cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA na, kwa yatima, cheti cha kifo cha mzazi. Vijana kadhaa hukosa mkopo kwa sababu ya karatasi tu, si kwa sababu ya utajiri wa baba zao.

Katika mwaka wa masomo 2022/2023 fedha ya chakula na malazi ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Kwa siku 30 ni shilingi 300,000. Mtoto aliyekulia mjini huziona nyingi, hasa kwa kuwa haziji siku kwa siku bali kwa mkupuo, ambao wanafunzi wenyewe huuita bumu. Wiki ya bumu ni wiki ya viatu vipya na chipsi kuku. Wiki ya mwisho ni ya uji. Kodi ya chumba ilipwe siku ile ile fedha inapoingia, unga na mchele vinunuliwe, kisha kinachobaki kigawanywe kwa wiki. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Tena mkopo hulipwa. Kwa sheria iliyorekebishwa 2016, mnufaika aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi, ambapo awali ilikuwa asilimia 8. Ile nyongeza ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyowalemea wengi, iliondolewa 2021. Huenda wewe usomaye hapa bado unakatwa. Mwambie mwanao waziwazi jinsi makato hayo yanavyoonekana katika hati ya mshahara, ili ajue kwamba anachagua deni pamoja na chuo.

BARABARA NA CHUMBA

Kutoka Dar es Salaam hadi Iringa ni kama kilomita 500, na hadi Mbeya ni zaidi ya 800. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, hupita Mbeya, lakini haifiki Iringa mjini. Na asiyejua kama treni ya abiria inatembea wiki hiyo asiitegemee kabla ya kuuliza stesheni. Wengi husafiri kwa basi, wakipanda mlima Kitonga.

Hesabu safari nne kwa mwaka, si mbili: kwenda na kurudi kwa likizo fupi, kwenda na kurudi kwa likizo ndefu. Ongeza ya tano kwa ajili ya msiba au ugonjwa, maana mambo hayo hayaombi ruhusa. Ikiwa nauli hizo zinakushinda, kubalianeni mapema kwamba likizo fupi kijana atabaki huko huko, na mumtafutie ndugu au rafiki wa familia wa kumkaribisha.

Kuhusu malazi, mabweni hayawatoshi wote. Wengi hupanga mitaani, Iyunga kwa upande wa Mbeya au Kihesa kwa upande wa Iringa, wakichangia chumba wawili au watatu. Kwa binti, yafaa mzazi mmoja amsindikize mara ya kwanza, aione njia ya kutoka chuoni hadi chumbani jioni, aone kama mlango una kitasa imara, na aonane na mwenye nyumba ana kwa ana. Nauli hiyo ya mzazi si hasara. Binti asiye na chumba salama hupata wafadhili wasiofaa, na gharama yake hailipiki kwa fedha.

BARIDI INAYODANGANYA

Masomo huanza kati ya Oktoba na Novemba, majira ambayo Mbeya na Iringa huwa na joto lake la mwaka. Mgeni hufika, akaona jua, akacheka kwamba habari za baridi alizosikia ni hadithi. Kisha mvua huanza, na hudumu hadi Aprili au Mei. Juni inapoingia, naye yumo katika mitihani, usiku wa Mbeya hushuka hadi digrii 10 na chini yake.

Kwa hiyo blanketi zito, sweta mbili, soksi na viatu vilivyofungwa si anasa. Hivyo vinunuliwe huko huko katika mitumba ya Mwanjelwa au sokoni Iringa, ambako wauzaji wanajua baridi yao, badala ya kubebwa kutoka pwani.

Liko onyo moja ambalo kila mzazi alirudie mara tatu: jiko la mkaa lisilazwe ndani ya chumba kilichofungwa. Mkaa unaowaka mahali pasipo hewa hutoa sumu isiyo na rangi wala harufu. Anayeivuta husikia usingizi tu, akalala, asiamke. Baridi haijaua mwanafunzi mwenye blanketi. Jiko limeua watu wengi waliotaka joto.

FAIDA YA MILIMA

Baada ya tahadhari zote hizo, je, ipo faida ya kusoma milimani? Ipo, nayo si ndogo. Loleza umesimama juu ya jiji la Mbeya kwa mita 2,656, na kijana mwenye afya huweza kuupanda na kurudi kwa siku moja bila gharama ya maana. Rungwe unakaribia mita 2,960. Katika misitu yake, na katika ile ya Udzungwa, watafiti waliutangazia ulimwengu mwaka 2005 nyani mdogo aitwaye kipunji, ambaye wenyeji walikwisha kumjua. Mwaka huo huo Kitulo, uwanda wa maua, ulifanywa hifadhi ya taifa. Iringa kuna Isimila na zana zake za mawe, Kalenga lilipo fuvu la Mkwawa lililorudishwa 1954, na jiwe la Gangilonga linaloutazama mji.

Kwa mwanafunzi wa baiolojia, jiografia au historia, hayo ni maktaba isiyo na mlango. Ila wapande kwa kikundi, wakiwa na mwenyeji anayejua njia, waanze asubuhi, na washuke ukungu ukianza. Milima hii haina theluji, lakini ukungu wake humpoteza hata mwerevu.

NENO LA MWISHO

Ndugu msomaji, kinachopimwa hapa ni zaidi ya mandhari. Mtoto wa kwanza akiacha chuo katikati kwa kukosa nauli na chakula, hapotezi miaka yake tu. Hula pia akiba iliyokuwa ya mdogo wake, na deni la miaka aliyosoma hubaki palepale. Akimaliza, naye huwa mkono wa pili wa kumsomesha anayefuata.

Basi jioni moja wiki hii zimeni redio, leteni karatasi na kalamu, na kijana mwenyewe ndiye aandike. Upande mmoja aweke ada, chumba, chakula, nauli nne na moja ya dharura, vitabu, blanketi. Upande wa pili aweke mkopo kama upo, mchango wa mzazi ambao ni wa uhakika, na ule wa ndugu ambao ni wa ahadi tu. Upande wa pili ukitosha bila ile ahadi ya ndugu, mwacheni aende milimani. Usipotosha, tafuteni kozi hiyo hiyo karibu na nyumbani, au cheti cha kuanzia. Loleza na Rungwe haitahama. Itamsubiri hadi atakapoweza.