Bunge ni la Wananchi: Kamera Yake Ishikwe na Nani?

Bunge ni nyumba ya wananchi. Maneno haya tumeyasikia mara nyingi, nayo ni ya kweli. Lakini nyumba ambayo mwenyewe hawezi kuona yanayotendeka ndani yake ni yake kwa jina tu. Kuli wa bandari ya Dar es Salaam, mkulima wa pamba wa Maswa na mwalimu wa Newala hawana nauli wala nafasi ya kwenda Dodoma kila kikao wakaketi mahali pa wageni. Wao humtuma Mbunge, naye husema kwa niaba yao. Watajuaje aliyoyasema? Tena watajuaje siku alipokaa kimya ilhali ilimpasa kusema?

Zamani jibu lilikuwa Taarifa Rasmi za Bunge, yaani Hansard, pamoja na magazeti. Kisha ikaja redio. New Zealand ilianza kutangaza mijadala ya Bunge lake kwa redio mwaka 1936, na Australia ikafuata mwaka 1946. Baadaye ikaja televisheni, na Canada ikafungua mlango huo mwaka 1977. Leo nchi nyingi zina stesheni ambazo kazi yake hasa ni kuonyesha mijadala ya Bunge. Ufaransa ilizianzisha kwa sheria. Na India iliunganisha stesheni mbili za mabaraza yake mwaka 2021, ikapata moja iitwayo Sansad TV.

Lakini kuwa na stesheni ni jambo moja, na mwananchi kuona ukweli ni jambo jingine. Kati ya hayo mawili pana mtu anayeshika kamera, na nyuma yake pana mtu anayemwamuru aielekeze wapi. Huyo ndiye tunayepaswa kumtazama.

Tuanze na Uingereza, nchi inayojisifu kuwa mama wa Mabunge. Mwaka 1966 Baraza la Makabwela lilikataa kamera kwa tofauti ya kura moja tu. Baraza la Malodi ndilo lililotangulia kuzikubali, mwaka 1985, na Makabwela wakafuata Novemba 1989. Hata hapo zilifungwa kwa masharti: aonyeshwe anayesema, kichwa na mabega, na kukitokea fujo ukumbini, kamera igeukie kiti cha Spika. Maana yake ni kwamba saa ile ambayo mwananchi angetaka zaidi kuona, ndiyo saa aliyonyimwa. Masharti hayo yalilegezwa baadaye, na mwaka 1998 shirika la BBC likaichukua stesheni ya Bunge na kuiendesha kama huduma ya umma.

Kule Marekani, stesheni ya C-SPAN ilianza Machi 1979, siku ile ile Baraza la Wawakilishi lilipoanza kuonyeshwa. Haiendeshwi kwa fedha za Serikali, bali kwa malipo ya makampuni ya televisheni. Hata hivyo, kamera za ukumbini ni za Baraza lenyewe, nazo huwa chini ya Spika. Mwaka 1984 Newt Gingrich na wenziwe walikuwa wakihutubia jioni, wenzao wakiwa wamekwisha kwenda zao. Kwa kuwa kamera ilimwonyesha msemaji peke yake, aliyetazama nyumbani aliweza kudhani kwamba wapinzani wao wamekaa palepale wamekosa la kujibu. Spika Tip O'Neill, bila kutoa taarifa, akaamuru kamera izungushwe ukumbini, na nchi nzima ikaona viti vitupu. Pakazuka ugomvi mkubwa. Wako waliosema Spika ametoboa ukweli, na wako waliosema amewavizia wenzake. Sisi tuchukue mafunzo mawili: picha finyu yaweza kudanganya bila kusema uongo, na mamlaka ya kugeuza kamera, yakiwa mkononi mwa mtu mmoja, hutumika siku anayotaka yeye.

Kisa kilicho karibu nasi zaidi ni cha Afrika Kusini. Tarehe 12 Februari 2015 Rais Jacob Zuma alikwenda Bungeni mjini Cape Town kutoa hotuba ya hali ya taifa. Kabla hajaanza, waandishi wa habari waligundua kwamba simu zao zimekufa, kwani idara ya usalama ilikuwa imeweka mtambo wa kuzuia mawimbi. Wabunge na waandishi wakapiga kelele hata mawimbi yakarudishwa. Kisha Wabunge wa chama cha EFF wakasimama kudai jibu juu ya fedha za umma zilizotumika katika makazi ya Rais huko Nkandla, na watu wa usalama wakaingia kuwatoa kwa nguvu. Je, watu waliokuwa mbele ya televisheni waliona nini? Waliona nyuso za wakuu waliokalia kiti. Kanuni za Bunge zilisema kwamba kukitokea fujo kubwa, kamera imwelekee aliyekalia kiti.

Vyombo vya habari na vyama vya raia vilikwenda mahakamani. Mahakama Kuu ikawakatalia. Hawakuchoka, wakakata rufaa, na Septemba 2016 Mahakama ya Juu ya Rufani ikaamua kwamba kuzuia mawimbi kulikuwa kinyume cha sheria, na kwamba kanuni ile ya kuficha fujo ilivunja Katiba, ambayo inalitaka Bunge lifanye kazi yake kwa uwazi. Basi mtu anayetazama kwenye kioo ana haki ya kuona, kama aliyeketi ukumbini.

Nasi hapa Tanzania tumekuwa na mjadala wetu. Januari 2016 Serikali ilitangaza kwamba TBC haitaonyesha tena vikao vyote moja kwa moja, kwa kuwa gharama ilifikia shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka. Badala yake pawe na kipindi cha usiku, "Leo katika Bunge". Wabunge wa Upinzani walipinga vikali, na baadhi yao wakatolewa ukumbini na polisi.

Hoja ya gharama si ya kudharauliwa. Fedha ya umma ni jasho la watu, na nchi yenye shule na zahanati za kujenga lazima ihesabu kila senti. Lakini Bunge lenyewe lina gharama, na Hansard ina gharama, wala hatusemi zifutwe. Gharama ya kumwonyesha mwananchi Bunge lake ni sehemu ya gharama ya kuwa na Bunge.

Husemwa pia kwamba mchana mfanyakazi yuko kazini, kwa hiyo muhtasari wa usiku wamtosha. Ni kweli mfanyakazi hawezi kuacha mashine yake akatazame televisheni. Lakini muhtasari ni kazi ya mtu anayechagua: lipi libaki, lipi liondoke. Mwache mfanyakazi apate muhtasari, na kikao kizima nacho kiwepo, ili anayetaka kuupima muhtasari awe na kitu cha kuupimia. Wengine husema kamera huwafanya Wabunge kuwa waigizaji. Wako wa namna hiyo, hakuna ubishi. Lakini dawa yao ni kuonekana, kwani mpiga kura anayemwona Mbunge wake akicheza atajua la kumfanya uchaguzi ukifika.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, yafaa tushike mambo matatu. Kwanza, haki ya kuonyesha Bunge iwekwe katika sheria, isiwe hisani ya wakati. Pili, kamera isigeuzwe ukutani saa ya mabishano, bali ionyeshe yaliyotokea, mazuri na mabaya, ya chama kikubwa na ya chama kidogo. Tatu, stesheni hiyo ipatikane bure, kwani haki inayohitaji malipo ya kila mwezi ni haki ya wenye nacho.

Mfanyakazi akimtuma mwenzake sokoni, akirudi humwuliza alichonunua na chenji iko wapi. Mbunge naye ametumwa, tena kwa jambo kubwa kuliko kapu la sokoni. Aliyemtuma ana haki ya kuona hesabu yote.