Kwa Nini Floridi Hupenda Mfupa: Jedwali la Elementi na Maji ya Visima

Meno yenye madoa ya kahawia si jambo geni katika baadhi ya vijiji vya Singida, Manyara na Arusha. Wakazi huyalaumu maji ya visima, nao hawakosei, kwani maji hayo yana floridi nyingi. Lakini kwa nini floridi, na si kloridi, ambayo kwa kawaida imo kwa wingi zaidi katika maji yaleyale? Jibu limo katika jedwali la elementi, lile ambalo wanafunzi wengi hulikariri bila kulitumia.

Dmitri Mendeleev alipolichapisha jedwali lake mwaka 1869 aliacha nafasi tupu, kisha akatabiri sifa za elementi ambazo hazijagunduliwa. Galiamu ilipopatikana Ufaransa mwaka 1875, msongamano wake ulilingana na utabiri wake. Siri ni kwamba elementi za safu wima moja hufanana tabia, na tofauti zao hufuata mpangilio.

Florini iko juu kabisa ya safu ya 17. Chini yake zimo klorini, bromini na aidini. Zote zina elektroni 7 katika ganda la nje na hutafuta moja zaidi, hivyo ioni zake hubeba chaji hasi moja. Kila ukishuka, ganda moja huongezeka na ioni hupanuka: nusukipenyo cha floridi ni takribani pikomita 133, cha kloridi 181. Ioni ndogo husogelea chaji chanya kwa karibu na kuing'ang'ania. Kalsiamu, ya safu ya 2, ina chaji chanya mbili. Ndiyo maana lita moja ya maji huyeyusha zaidi ya gramu 700 za kloridi ya kalsiamu, lakini takribani miligramu 16 tu za floridi ya kalsiamu.

Sodiamu, ya safu ya 1, ina chaji moja tu, na floridi yake huyeyuka kwa urahisi. Kwa hiyo kisima chenye sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo ndicho cha kutiliwa shaka kwanza. (Magadi ya kulainishia maharage nayo ni chumvi ya sodiamu, na mara nyingi huja na floridi yake.)

Mwilini, kalsiamu imo katika mifupa na meno, pamoja na fosfati na haidroksidi. Floridi ina chaji sawa na haidroksidi na ukubwa unaokaribiana nayo, hivyo huchukua nafasi yake; kloridi ni kubwa mno kuingia kwa urahisi. Mtoto ambaye meno yake bado yanajengeka ndiye huathirika zaidi. Floridi ikizidi kwa miaka mingi, mifupa nayo huumia.

Kuchemsha maji hakusaidii: floridi haigeuki mvuke, na maji yakipungua sufuriani, yanayobaki huwa na floridi nyingi zaidi. Kinachosaidia ni mfupa wenyewe. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, mkoani Arusha, kimetumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe kuchuja maji, ili floridi inaswe humo badala ya katika mifupa ya mnywaji. Jedwali, hata hivyo, halisemi kisima kipi kina kiasi gani. Hilo hupimwa maabara, na kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Mkaa nao hujaa, kwa hiyo maji yaliyochujwa hupimwa tena mara kwa mara, na mkaa hubadilishwa kabla kikomo hicho hakijavukwa.