Kuvusha Maua Wakati wa Baridi kwa Vipandikizi

Jeraniamu inayochanua kwenye madirisha ya London na vibaraza vya Chicago ni mmea wenye asili ya Afrika Kusini, na haistahimili jalidi. Usiku joto linaposhuka chini ya nyuzi 0 za Selsiasi, maji yaliyo nje ya seli zake huganda kwanza, barafu hiyo huyavuta maji ya ndani, na seli hunywea hadi kufa. Jua likichomoza, majani yameshakuwa meusi na yamelegea kama mchicha uliotolewa chunguni. Kwao mmea huo huishi miaka mingi na shina lake hugeuka kuwa gumu kama la kichaka. Katika bustani za Ulaya ya kaskazini na za sehemu kubwa ya Marekani, ukiachwa nje, haumalizi mwaka.

Mwenye bustani ana njia tatu. Ya kwanza ni kununua miche mingine kila Mei, na hiyo ndiyo inayofuatwa na wengi. Ya pili ni kung'oa mmea mzima na kuuhifadhi ndani. Katika nyumba za zamani za Marekani zenye chumba cha chini ya ardhi, jeraniamu zilikung'utwa udongo na kuning'inizwa kichwa chini mizizi juu mpaka baridi ipite. Nyingine hupona, lakini huamka na mashina marefu, makavu, yaliyo wazi chini na yenye majani machache juu. Njia ya tatu ni kukata ncha changa kiangazi kinapoishia na kuziotesha mizizi. Hii ndiyo yenye faida zaidi, kwa sababu kinachohifadhiwa si mmea mkongwe bali nakala yake changa, na ukingo wa dirisha moja unatosha kubeba nakala za bustani nzima.

Jeraniamu si peke yake. Fuksia kutoka Amerika ya Kati na Kusini, koliasi ya majani ya rangi kutoka kusini-mashariki mwa Asia, na aina nyingi za salvia huvushwa vivyo hivyo. Katika kundi hilo limo ua la Sultani, mmea wa Afrika Mashariki ambao wengi wanaoupanda Ulaya hawajui umetoka wapi. Unaota wenyewe penye kivuli na unyevu kuanzia Kenya hadi Msumbiji, una maua bapa ya waridi, mekundu au meupe, na vibumba vya mbegu vinavyopasuka vikiguswa. John Kirk, aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza Unguja, aliupeleka katika bustani ya Kew, na mwaka 1882 Joseph Hooker aliuita Impatiens sultani kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar, ambaye wakati huo alikuwa Barghash bin Said. Baadaye ilibainika kuwa ni mmea uleule uliokwisha kupewa jina la Impatiens walleriana, na jina hilo ndilo linalotumika leo. Ua la Usambara, lililopata umaarufu Ulaya baada ya afisa wa Kijerumani Walter von Saint Paul-Illaire kulituma kwao mwaka 1892, nalo huzalishwa bila mbegu, ila kwa jani: kikonyo chake huchomekwa kwenye udongo mwepesi, na baada ya miezi miwili hivi vijimea huchomoza chini yake.

Anayepanda muhogo kwa pingili au viazi vitamu kwa marando anaijua kanuni yenyewe. Shina lililokatwa lina uwezo wa kutoa mizizi mahali ambapo hapakuwa na mizizi. Jeraha hufunikwa na tabaka la seli za kuliponya, na karibu na mishipa ya kupitisha maji na chakula baadhi ya seli huacha kazi yake ya awali na kuanza kujigawa, zikawa chanzo cha mizizi mipya. Kinachozisukuma ni homoni iitwayo auksini, inayotengenezwa kwenye ncha na majani machanga, ikashuka na kujikusanya pale chini palipokatwa. Ndiyo maana kipandikizi kilichogeuzwa juu chini hushindwa. Frits Went alionyesha kazi ya homoni hiyo huko Utrecht katika miaka ya 1920, na kufikia mwaka 1935 watafiti wa Marekani walikuwa wamegundua kemikali za viwandani zinazofanya kazi kama hiyo. Kemikali hizo ndizo zilizomo katika unga wa kuchochea mizizi unaouzwa madukani. Unga huo husaidia mimea yenye mashina magumu. Kwa koliasi au jeraniamu ni gharama isiyo na lazima.

Wakati ndio unaoamua mengi. Uingereza, vipandikizi vya jeraniamu hukatwa kati ya katikati ya Agosti na mwisho wa Septemba. Mmea bado unakua, mchana bado ni mrefu, na zimebaki wiki kadhaa za mwanga wa kutosha kuotesha mizizi kabla giza la Novemba halijaingia. Katika majimbo ya baridi kama Minnesota, ambako jalidi ya kwanza inaweza kupiga Septemba haijaisha, kusubiri ni hatari zaidi. Tawi lililokwisha kupigwa na jalidi halifai tena kwa kazi hii.

Huchaguliwa tawi lenye afya, lisilo na ua. La chini ya mmea, lililoanza kuwa gumu na la kahawia, huchelewa. La juu kabisa, laini mno, huoza. La katikati ndilo zuri. Hukatwa asubuhi, mmea ukiwa umejaa maji, urefu wa sentimita 8 hadi 10, kwa kisu kikali kilichopanguswa kwa spiriti. Mkasi butu huponda shina, na palipopondwa ndipo ukungu unapoingilia. Mkato hupita chini kidogo ya kifundo, yaani pale jani linaposhikana na shina, kwa kuwa mimea mingi hutoa mizizi kwa urahisi zaidi hapo. Majani ya chini huondolewa, yakaachwa mawili au matatu ya juu. Vichipukizi vya maua hunyofolewa hata vikiwa vidogo kama punje ya mtama, maana ua hula akiba ambayo shina linaihitaji kwa mizizi.

Udongo wa bustani haufai. Ni mzito, hushika maji, na una vijidudu vyake. Kinachotakiwa ni mchanganyiko mwepesi usio na mbolea nyingi: mboji ya kitalu iliyochujwa pamoja na mchanga mkavu wa chengachenga au perlaiti, nusu kwa nusu. Tundu hutobolewa kwanza kwa penseli ili shina lisikwaruzwe linapoingizwa. Vipandikizi vitano au sita hupangwa pembeni mwa chungu kimoja, si katikati, kwa sababu pembeni maji hutoka haraka na hewa hupenya.

Wengi hupenda glasi ya maji, na kwa koliasi na ua la Sultani haina ubaya. Kifundo kilichozama huvimba, kikatoa vidoa vyeupe vilivyojipanga, kisha vidoa hivyo vikarefuka kuwa nyuzi, mara nyingi ndani ya wiki moja au mbili. Tatizo huja baadaye. Mizizi iliyoota majini ni mororo na hukatika ovyo, tena haijazoea kutafuta unyevu kati ya chembe za udongo. Hivyo hupandwa ikiwa na sentimita 2 au 3 tu, na udongo huachwa na majimaji kwa siku za mwanzo. Anayesubiri glasi ijae mizizi kwa kuwa inapendeza macho hujikuta na mche unaonyauka kwa wiki nzima baada ya kuhamishwa.

Kipandikizi kisicho na mizizi hupoteza maji kupitia majani bila kuweza kuyarudisha, na kwa mimea mingi dawa ni kukifunika kwa mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga. Daktari wa London Nathaniel Bagshaw Ward aliliona jambo hilo mwaka 1829, mimea midogo ilipoota na kuishi ndani ya chupa iliyofungwa. Masanduku yake ya kioo baadaye yalisafirisha mimea hai baharini kwa miezi. Fuksia, salvia, koliasi na ua la Sultani hupenda hali hiyo, mradi mfuko ufunguliwe kila siku chache hewa ibadilike, na majani yaliyokufa yaondolewe mara moja.

Jeraniamu haitaki kufunikwa hata kidogo, na hapa ndipo wanaoanza huipoteza. Shina lake limejaa maji ya kulitosha. Baada ya kukatwa huachwa kivulini saa kadhaa ili jeraha likauke, kisha huchomekwa, hunyweshwa mara moja, na kuachwa mpaka uso wa udongo ukauke. Likizidishiwa maji hushikwa na ugonjwa wa mguu mweusi, unaoletwa na vimelea wa jamii ya Pythium. Huanzia pale pale palipokatwa: ngozi ya shina hugeuka nyeusi, yenye kung'aa na kuteleza, na weusi huo hupanda kwa siku chache tu huku majani ya juu yakiwa bado ya kijani. Mwenye mmea hudhani ni mzima mpaka aushike na shina limkatikie mkononi. Hautibiki. Kipandikizi hutupwa pamoja na udongo wake, na chungu husuguliwa kwa sabuni na maji ya moto.

Mizizi ya jeraniamu huchukua wiki mbili hadi nne. Haina haja ya kuchimbuliwa ili ionekane. Kipandikizi kikivutwa kidogo kwa vidole viwili na kikashikilia, kimeota. Kila kimoja basi hupewa chungu chake kidogo, upana wa sentimita 8 au 9. Kikubwa zaidi hubaki na udongo wenye maji usio na mizizi ya kuyanywa.

Kuanzia hapo kazi ni kuzuia ukuaji, wala si kuuhimiza. Mwishoni mwa Desemba mchana wa London hauzidi saa nane, na mwanga wenyewe ni hafifu. Mche uliowekwa sebuleni juu ya redieta hurefuka kuutafuta mwanga, ukawa mwembamba, wa kijani kilichopauka, na vidukari na inzi weupe huja kuumalizia. Jeraniamu huridhika na nyuzi 7 hadi 10 katika chumba kisichopashwa moto chenye dirisha linalotazama kusini. Koliasi na ua la Sultani ni mimea ya nchi za joto kweli, nayo huhitaji nyuzi 15 au zaidi. Mbolea husimama hadi Februari. Maji hutolewa kwa uchache na asubuhi, na usiku wa baridi kali vyungu huondolewa nyuma ya pazia, maana karibu na kioo huweza kuganda.

Ipo pia namna nyingine, isiyohitaji dirisha wala chungu, kwa mimea inayovumilia baridi na kupukutisha majani. Mzabibu, mtini, waridi nyingi na matunda ya karanti hukatwa Novemba majani yakishaanguka, vipande vya unene wa penseli na urefu wa sentimita 20 hadi 25. Chini hukatwa sawasawa na juu hukatwa mshazari, ili isisahaulike upande upi ni upi na mvua isituame juu. Hupandwa katika mtaro mwembamba uliotiwa mchanga, theluthi mbili zikiwa ardhini, na huachwa hapo mwaka mzima. Ni kazi ya uvumilivu, lakini haiombi chochote zaidi ya kukanyagiwa udongo tena baada ya barafu kuuinua.

Kugawana vipandikizi ni zaidi ya ukarimu. Aliyempa jirani miche miwili ana mahali pa kwenda kuomba ikiwa yake yote imeoza Januari, kwa hiyo hukatwa zaidi ya inayohitajika. Lakini ugonjwa nao hugawanwa. Mwaka 2003 bakteria wa mnyauko, Ralstonia solanacearum, waligunduliwa Marekani katika jeraniamu zilizotokana na vipandikizi kutoka Kenya, ambako mashamba ya nyanda za juu huvikata na kuvisafirisha kwa ndege kwenda kuoteshwa mizizi katika vitalu vya ng'ambo. Kwa kuwa aina ile ya bakteria hushambulia pia viazi, mamlaka ziliagiza mimea iteketezwe. Majumbani tahadhari ni nyepesi zaidi: mmea wenye majani ya madoadoa au unga mweupe upande wa chini haukatwi, na mche mgeni hutengwa wiki mbili kabla ya kuchanganywa na mingine.

Sheria nayo ina neno lake. Marekani imeruhusu hataza za mimea inayozalishwa bila mbegu tangu mwaka 1930. Leo hudumu miaka 20, na kibandiko chenye herufi PP na namba ni onyo kwamba aina hiyo haizalishwi bila idhini, hata nyumbani. Uingereza hulinda haki za wagunduzi wa aina mpya tangu mwaka 1964, ila matumizi ya binafsi yasiyo ya biashara hayazuiwi. Aina za zamani, ambazo ndizo hupitishwa mkono kwa mkono, ziko huru pande zote.

Februari mwanga ukirudi, ncha ya kila mche hukatwa ili utoe matawi ya pembeni, na ncha hiyo yenyewe huweza kupandwa. Miche ya kutolewa zawadi huandikwa jina, rangi ya ua na kama inapenda jua au kivuli, kwani mche usio na ua haujitambulishi. Katikati ya Mei huanza kuzoeshwa nje: saa chache mchana mahali pasipo upepo, kisha siku nzima, kisha na usiku, kwa siku 10 hadi 14. Hupandwa bustanini Mei inapoishia. Ikitokea jalidi ya kuchelewa, shuka kuukuu au magazeti yaliyotandazwa juu yake jioni na kuondolewa asubuhi hutosha kuinusuru.