MOYO UNAPOSHINDWA KAZI

Moyo wa mtu mzima hupiga kiasi cha mara 100,000 kwa siku, wala haupumziki mwenyewe alalapo. Ukidhoofika, damu haisukumwi ipasavyo: miguu huvimba, pumzi hukatika kwa kupanda ngazi chache, na usiku mgonjwa hapati usingizi ila ameegemea mito. Wengi husaidiwa na dawa kwa miaka mingi. Lakini wapo ambao ugonjwa umekithiri hata dawa hazifui dafu. Je, hao wafanyiwe nini?

Njia moja ilifunguliwa hapa Afrika. Tarehe 3 Desemba, 1967, katika hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town, Christiaan Barnard alimpandikiza Louis Washkansky moyo wa msichana aliyepatwa na ajali ya gari, baada ya baba yake msichana huyo kutoa idhini. Moyo ulipiga vyema. Hata hivyo, baada ya siku 18, Washkansky alifariki kwa homa ya mapafu.

Kifo hicho kina somo. Mwili huutambua moyo mpya kuwa ni mgeni, ukaushambulia. Ndipo mgonjwa hupewa dawa za kupunguza kinga ya mwili. Na dawa hizo hizo huvifungulia mlango vijidudu vya maradhi. Katika miaka ya 1980 dawa iitwayo saiklosporini ilileta nafuu kubwa, na leo zaidi ya nusu ya waliopandikizwa moyo huishi miaka 10 au zaidi. Lakini dawa hawaziachi maisha yao yote.

Tena, moyo huo hauna duka. Hutoka kwa marehemu, na kwa kawaida hutakiwa kupandikizwa katika muda wa saa nne hivi. Wanaousubiri ni wengi kuliko mioyo ipatikanayo.

Kwa sababu hiyo wataalamu waligeukia mashine. Mwaka 1982, mjini Salt Lake City, Marekani, Barney Clark aliwekewa moyo wa bandia. Aliishi siku 112, akiwa amefungwa kwa mipira kwenye mtambo mkubwa kando ya kitanda chake. Siku hizi hutumika zaidi pampu ndogo inayousaidia upande wa kushoto wa moyo, bila moyo wenyewe kuondolewa. Waya hutokeza tumboni hadi kwenye betri anazovaa mgonjwa. Huweza kutembea na hata kurudi kazini. Ila betri zisiishiwe umeme, tundu la waya lisiingie uchafu, na dawa za kuzuia damu isigande zisikosekane.

Basi moyo mpya na mashine huokoa maisha, lakini vyote viwili hudai uangalizi wa kila siku. Ni nafuu zaidi kuutunza moyo tuliozaliwa nao. Watu wazima wapimwe shinikizo la damu, hata kama hawasikii maumivu. Na mtoto mwenye homa na maumivu ya koo apelekwe zahanati mapema, kwani baadhi ya magonjwa ya koo yasipotibiwa huja kuharibu vali za moyo. Kupima shinikizo la damu huchukua dakika chache tu.