Marumaru ya jikoni: jina moja, vitu vingi

Aliyejaaliwa kuhiji harudi bila kuikumbuka sakafu ya Msikiti Mtukufu wa Makka. Jua la mchana likiwa kali, marumaru nyeupe iliyotandazwa kuzunguka Al-Kaaba, ambayo asili yake ni kisiwa cha Thassos nchini Ugiriki, hubaki baridi chini ya nyayo za wanaotufu. Si ajabu basi kwamba wengi wetu, tukijaaliwa kujenga, hutamani weupe ule uingie katika nyumba zetu. Siku hizi mahali panapotangulia ni jikoni, juu ya kaunta.

Ndugu msomaji, hapa Mpanda tamaa hiyo huanza na neno lenye mtego. Ukiingia katika duka la vifaa vya ujenzi ukaulizia marumaru, yamkini utaoneshwa vigae, kwani katika mazungumzo yetu jina hilo hubeba jiwe lenyewe, kigae kilichochorwa mfano wa jiwe, na hata karatasi ya plastiki ya kubandika. Mnunuzi asiyeuliza zaidi hununua jina tu.

Tuanze na jiwe halisi. Marumaru ni jiwe la chokaa lililogeuzwa na joto na mgandamizo ardhini. Hapa nchini huchimbwa, miongoni mwa sehemu nyingine, mkoani Morogoro. Kwa kuwa asili yake ni chokaa, huliwa na kila kilicho kichachu: ndimu, siki, ukwaju, hata nyanya iliyokatwa. Alama inayobaki si uchafu wa kufutwa, bali ni jeraha, na dawa yake ni kusuguliwa upya. Jiwe hilo hunywa pia mafuta na manjano lisipopakwa dawa ya kuziba vinyweleo mara kwa mara. Sakafu ya Makka haikatiwi ndimu. Kaunta ya jikoni hukatiwa kila siku. Aidha, bamba lenye unene wa sentimita mbili lina uzito wa zaidi ya kilo 50 kwa kila mita moja ya mraba, na kutoka Dar es Salaam hadi kwetu ni zaidi ya kilomita 1,000. Likivunjika njiani, hasara ni ya mwenye nyumba.

La pili ni jiwe la kutengenezwa kiwandani, ambalo takriban sehemu tisa kwa kumi ni unga na chembe za kwatzi, na iliyobaki ni gundi ya plastiki. Hili haliogopi ndimu wala halinywi mafuta. Adui yake ni moto. Gundi huanza kuharibika joto likizidi nyuzi 150 hivi, ilhali mafuta ya kukaangia maandazi hufikia takriban 180. Katika nyumba ambayo sufuria hutoka kwenye jiko la mkaa na kutuliwa moja kwa moja juu ya kaunta, doa la kuungua halitakawia.

La tatu, na kwa wengi wetu lililo jepesi kufikiwa, ni kigae cha kaure chenye picha ya marumaru. Vigae hutengenezwa pia hapa nchini, katika viwanda vya Mkuranga na Chalinze mkoani Pwani. Kaure huchomwa katika tanuri lenye joto la nyuzi 1,200 hivi, kwa hiyo sufuria ya pilau haiisumbui, wala ukwaju. Udhaifu wake uko kwenye mianya kati ya kigae na kigae, panapokaa uchafu, na kwenye kingo, panapomeguka. Chagueni vigae vikubwa ili mianya iwe michache, fundi avilaze juu ya zege imara lisilo na mashimo, na kinu kibaki sakafuni. Nunueni ziada ya moja kwa kumi, na hakikisheni maboksi yote yana namba moja ya toleo. Rangi ya toleo jingine huenda isilingane.

Terazo, yaani saruji iliyochanganywa na vipande vya mawe kisha ikasuguliwa, humwagwa papo hapo na fundi, na ikipasuka huzibika. Lakini nayo ina chokaa ndani yake, basi ndimu huiacha na alama. Ama formaika na karatasi za kubandika, hizo huvutia siku ya kwanza. Maji yakipenya chini yake, ubao wa unga wa mbao huvimba. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi.

Vipi utalitambua jiwe? Tazama ukingo uliokatwa. Mishipa ya jiwe halisi hupenya ndani, ilhali ya kigae mara nyingi huishia juu, na picha ileile hujirudia kwenye vigae kadhaa. Muuzaji naye ana wajibu wa kulitaja jiwe kwa jina lake kabla hajaulizwa, kwani kuficha hali ya bidhaa ni kula mali ya mtu kwa batili.

Wala tusimsahau fundi. Vumbi la kwatzi likiingia kifuani huharibu mapafu bila tiba ya kuyarudisha. Australia ilipiga marufuku mawe ya kutengenezwa ya aina hiyo kuanzia Julai 1, 2024. Anayekata kwa grainda kavu, bila maji wala barakoa ya kuzuia vumbi laini, anajidhuru, naye aliyemwajiri ana sehemu katika dhara hilo. Watoto wasisogee karibu.

Mwisho, fedha mara nyingi hutoka kwa baba, na fundi huzungumza na baba, ilhali atakayesimama mbele ya kaunta hiyo asubuhi na jioni ni mama. Basi kabla ya kulipa, ombeni kipande kidogo dukani, mkilete nyumbani, akabidhiwe yeye. Akiachie tone la ndimu na chembe za manjano usiku kucha, kisha akitulie sufuria iliyotoka motoni. Asubuhi yeye ndiye atoe hukumu, na hukumu yake ifuatwe.